Mzinga wa 1873 katika vita vya 1914: ubovu wake ulikuwa wapi hasa?

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, jeshi la koloni, Schutztruppe, lilikuwa bado na mizinga ya kiwanda cha Krupp cha Ujerumani, aina ya C/73. Hiyo 73 ni mwaka: 1873. Ulaya wakati huo Wafaransa walikuwa wamekwisha kuuzoea mzinga wao wa milimita 75 wa 1897, ambao mtutu hurudi nyuma ukizuiwa na mafuta na hewa iliyobanwa huku gari lake la magurudumu likitulia, na makombora 15 kwa dakika si ajabu. Ndiyo maana C/73 huitwa chuma chakavu. Wanaoutetea hujibu kwamba porini urahisi wa chombo unashinda kasi yake. Kila upande una lake, lakini naona wote wanaipita kando kasoro iliyokuwa kubwa zaidi.

Kwanza kazi yenyewe. C/73 ya sentimita 9, ambayo tundu la mtutu wake hasa ni milimita 88, hujazwa kwa nyuma. Kabari ya chuma huvutwa kando, kombora la kilo 7 hivi husukumwa hadi liume mwanzo wa mifereji ya ndani ya mtutu, unafuata mfuko wa baruti nyeusi wa takribani kilo moja na nusu, kisha kabari hurudishwa na kukazwa. Mfuko hutobolewa kupitia tundu la kuwashia, kiwashio huchomekwa, kamba huvutwa. Hakuna ganda la shaba la kuzuia gesi. Inayoziba ni pete iliyo nyuma ya chumba cha baruti. Pete ikipata mchanga, masizi au mkwaruzo, gesi ya moto hupenya na kula chuma, na kila mpigo unaofuata huzidisha uvujaji. Kufuta pete na mtutu, kwa hiyo, hakukuwa usafi wa gwaride.

Mzinga ukilia, gari zima hurudi nyuma. Wapigaji hulisukuma hadi mahali pake na kulenga upya, bila ngao ya kuwakinga. Ukitaka shabaha ya kweli utapata mpigo mmoja au miwili kwa dakika. Juu ya hayo kuna moshi: wingu jeupe linapanda juu ya miti na kumwonyesha adui ulipo. Askari wengi nao walibeba bunduki za 1871 zenye moshi uleule, kwa hiyo mzinga haukuwa peke yake katika aibu hiyo.

Utetezi una uzito wake. C/73 haina mafuta ya kuvuja wala vizibo vya kuagizwa Ulaya, jambo kubwa kwa koloni lililozingirwa baharini. Magurudumu ya mbao yakikauka kiangazi na bangili za chuma zikalegea, maji na seremala vinatosha. Baruti nyeusi huvumilia joto kuliko baruti zisizo na moshi za enzi ile. Adui wake ni unyevu: mfuko ulionyonya maji hupoteza nguvu, makombora yakaangukia karibu, kila moja pake.

Tena mizinga ya kisasa ilikuwa na gharama yake. Manowari ya Wajerumani Königsberg ilipozamishwa na mabaharia wake Rufiji, Julai 11, 1915, mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iliopolewa na kuundiwa magari ya magurudumu. Ilifika zaidi ya kilomita 12, wakati C/73 iliishia kwenye 7 hivi. Lakini mbung'o waliua ng'ombe na nyumbu, mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Chukua mpagazi anayebeba kilo 25 hivi. Kombora la C/73 na baruti yake ni kilo 8.5, basi mtu mmoja anabeba matatu, na mipigo 100 inataka watu 34. La Königsberg na ganda lake ni mzigo wa mtu mzima, kwa hiyo mipigo 100 ni watu 100, kabla hujavuta mtutu wa karibu tani moja na nusu. (Jina Kariakoo lenyewe limetoka kwenye kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps.)

Hesabu hiyo inampa mtetezi ushindi mdogo tu. Ukipiga mara mbili kwa dakika, jasho la watu 34 linaisha ndani ya dakika 50. Na kasoro kubwa iko hapa: kinalengwa nini? C/73 hurusha kombora kwa njia iliyonyooka, na mlengaji lazima aone anachopiga. Kwenye kichaka ambacho jicho halivuki mita 100, hata ule wa Wafaransa ungekwama. Wapiga mizinga wa milimani wa jeshi la India, upande wa Waingereza, walikuwa na mzinga wa kombora la ratili 10, nao bila kizuizi cha kurudi nyuma, lakini ulifunguliwa vipande na kupakiwa nyumbu, ukafuata njia za milimani.

Kilichohitajika ni mzinga unaorusha juu na kuangusha kombora nyuma ya miti. Ulifika Machi 1916, meli Marie iliposhusha Ghuba ya Sudi mizinga minne ya namna hiyo ya sentimita 10.5, pamoja na miwili ya milimani ya sentimita 7.5. Hata hiyo haikudumu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, aliposalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 25, 1918, alikuwa na bombomu (bunduki za rashasha) 37 na mzinga mmoja tu, mdogo, aliouteka kwa Wareno.