Makaa ya mawe ya oksijeni: moshi unakamatika, umeme je?

Umeme ukiyumba tu hapa Kigoma hoja inaibuka ileile, makaa ya mawe yamejaa Mchuchuma na Ngaka huko kusini na siku hizi kuna teknolojia ya kukamata moshi wake, sasa tunasubiri nini? Siipuuzi, maana huku tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi ya taifa haijatufikia.

Na teknolojia ipo kweli. Hewa ya kawaida asilimia 78 ni naitrojeni, ndo maana kwenye moshi wa boila, yaani tanuri la kuchemshia maji yawe mvuke wa kuzungusha mitambo, hewa ukaa ni kama asilimia 12 mpaka 15 tu na kuichuja humo ni gharama. Sasa kwenye teknolojia hii naitrojeni inatolewa kabla ya moto, makaa yanachomwa kwa oksijeni iliyochanganywa na moshi uleule unaorudishwa ndani na feni, kwa sababu oksijeni peke yake moto wake boila haiuwezi. Kinachotoka zaidi ni hewa ukaa na mvuke, ukiupoza mvuke unakuwa maji, hewa ukaa unaigandamiza unaizika. Wajerumani walijaribu kwenye kituo cha umeme cha Schwarze Pumpe kuanzia 2008, Australia wakaiweka kwenye mtambo wa zamani wa Callide, megawati 30, na ukawaka vizuri tu.

Kasheshe ni oksijeni yenyewe. Kuipata lazima upoze hewa mpaka karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, kazi hiyo inakula asilimia 15 hivi ya umeme wa kituo na hapo bado hujagandamiza kitu, halafu boila kuukuu ikivuta hewa kwenye nyufa naitrojeni uliyohangaika kuitoa inaingia tena! Mwaka 2015 Marekani ikaukatia hela mradi wake wa aina hii, FutureGen, Uingereza nayo ikafuta pauni bilioni 1 za miradi ya kukamata hewa ukaa.

Kweli mto wa kuzalishia umeme hupungua kiangazi na makaa hayapungui, hapo nawapa haki yao. Ila kuuza umeme pungufu kwa bei ya juu mi siafiki, bora nguvu iende kwenye mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi huku Kigoma, megawati 49.5 zisizo na moshi wa kukamata.

Kwenye saruji ndo naona tofauti. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa, kwa hiyo hata ukibadilisha nishati bado itatoka tu, na huko tanuri la oksijeni lina maana. Hela ya majaribio ikipatikana ianzie Tanga au Mbeya kwenye viwanda vya saruji, Mchuchuma isubiri.