Chui wa theluji: walimshusha daraja kabla ya kumhesabu

Mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) lilimtoa chui wa theluji katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, alimokuwa tangu 1972, likamweka kundi la chini yake. Hoja ilikuwa ya hesabu: ili abaki pale, chui waliokomaa duniani walipaswa wawe chini ya 2,500, na makadirio ya wataalamu yalivuka hapo. Snow Leopard Trust, shirika linalomshughulikia mnyama huyu, lilipinga. Naegemea kwa waliopinga, ingawa wenzao nao walikuwa na sababu.

Ugumu unaanza na mnyama mwenyewe. Anaishi peke yake kwenye majabali ya nchi 12 za Asia, mara nyingi mita 3,000 kwenda juu, na manyoya yake ya kijivu yenye madoa hayatofautiki na mwamba. Nyayo zake ni pana na zimeota manyoya hadi chini, kwa hiyo hazizami kwenye theluji. Mkia unakaribia urefu wa kiwiliwili. Akiruka genge unamweka sawa, akilala kwenye baridi anajizungushia mpaka usoni. Hangurumi kama simba. Katika milima ya Tost, kusini mwa Mongolia, madume waliovalishwa kola za satelaiti walionekana kuzunguka eneo la wastani wa kilomita za mraba 207 kila mmoja. Wa namna hiyo unamhesabuje? Kamera zilikuwa zimetegwa sehemu ndogo tu ya makazi yake, tena nyingi pale alipojulikana kuwepo kwa wingi. Ukichukua idadi ya pale ukaitandaza milima yote, lazima ipae.

Hata hivyo, hesabu za kitaifa zilizokuja baadaye zinawapa nguvu wa upande wa pili. Mongolia ilitangaza chui 953 mwaka 2021. Bhutan ilipata 134 mwaka 2023, kutoka 96 wa mwaka 2016, na India ikatangaza 718 mwaka 2024. Nafurahi kuziona. Lakini zilikuja baada ya uamuzi, wala hazigusi milima yote.

Kinachonitia hofu zaidi ni zizi. Ripoti ya 2016 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori, ilikadiria kuwa tangu 2008 chui kati ya 221 na 450 waliuawa kila mwaka, zaidi ya nusu kwa kisasi cha mifugo. Chakula chake hasa ni mbuzi na kondoo wa mwituni, ila akipenya ndani ya zizi, kondoo wakahangaika bila pa kukimbilia, huweza kuua wengi kwa usiku mmoja. Mfugaji aliyeamkia hasara hiyo simlaumu kwa hasira yake. Mali yote ya nyumba ilikuwa mle.

Huko Ladakh, India, vijiji kadhaa vimesaidiwa kufunika mazizi kwa wavu wa waya na kuweka milango imara, na chui akishindwa kuingia, kisasi hakina pa kuanzia. Wavu huo hununuliwa kwa michango ya watu walio mbali, na swali la kwanza la mchangiaji ni kama mnyama bado yuko hatarini.