Kompyuta ya injini: kosa si programu, ni kutopima

"Walioitengeneza si wajinga." Ndilo jibu utakalopewa na fundi mtu mzima ukimweleza kwamba unataka kompyuta ya injini yako iandikwe upya ili gari liongeze nguvu. Ni kweli, si wajinga. Lakini kwa kuwa si wajinga, kila namba waliyoiweka mle ina sababu yake, na fundi wetu huishia hapo bila kuuliza ni sababu ipi. Walipoamua nguvu ikomee hapa, walikuwa wanailinda injini au walikuwa wanapanga bei?

Tazama injini ya Ford EcoBoost ya lita 1.0, ile ndogo ya silinda 3. Focus ya mwaka 2012 iliuzwa nayo kwa viwango viwili: nguvu farasi 100 na nguvu farasi 125. Injini ni ileile, na tofauti kwa sehemu kubwa imo kwenye maagizo ya kompyuta. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyostahili. Farasi 25 ni robo nzima ya kile kiwango cha chini, na aliyenunua gari la bei nafuu anatembea nazo kila siku bila kuzitumia, kama mtu aliyenunua nyumba ambayo chumba kimoja kimepigwa kufuli. Kwa nini? Kampuni inahitaji ngazi za bei. Kuna nchi zinazotoza kodi ya gari kwa kuangalia nguvu yake. Italia, kwa mfano, hutoza kwa kilowati. Bima nayo huangalia hukohuko. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu uhai wa pistoni.

Nikiri hata hivyo kwamba mfano wangu una doa. Ile Focus ya farasi 100 ilikuja na giaboksi ya gia 5, ya farasi 125 ikaja na ya gia 6. Injini zinaweza kufanana na kinachozifuata nyuma kisifanane, na giaboksi haiulizwi wakati programu inaandikwa.

Kampuni zenyewe zimeshaanza kuuza ufunguo wa chumba hicho. Desemba 2019 Tesla iliwaletea wenye Model 3 ya masafa marefu na mota mbili programu ya kuongeza kasi kwa dola 2,000. Muda wa kufika maili 60 kwa saa ukashuka kutoka sekunde 4.4 hadi 3.9 bila spana kuguswa. Mwaka 2022 Mercedes-Benz ikatangaza nyongeza ya aina hiyo nchini Marekani, kwa magari yake ya umeme ya EQ, kwa dola 1,200 kila mwaka. Umeme si petroli, najua, na kampuni inaijua mota yake kuliko mtu yeyote wa nje. Lakini lile wazo kwamba namba ya kiwandani ndiyo mwisho wa uwezo wa chombo, wamelizika wenyewe.

Turudi kwenye petroli. Ndani ya kompyuta kuna majedwali. Kompyuta inasoma mizunguko ya injini na mzigo ilioubeba, inakwenda kwenye kisanduku kinachohusika na kuchukua namba: nozeli ibaki wazi kwa muda gani, turbo isukume hewa kwa presha gani, plagi iwashe lini. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye utamu, na ndiyo yenye kuua. Moto hausambai papo hapo, kwa hiyo plagi huwasha kabla pistoni haijafika juu. Ukiwahisha kwa digrii moja au mbili za mzunguko wa injini, msukumo unaikuta pistoni mahali pazuri zaidi na nguvu inapanda. Ukizidisha, mchanganyiko ambao moto haujaufikia unalipuka wenyewe, injini inagonga, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo.

Sasa kiwanda hakikujui wewe ni nani. Kinaandika jedwali kwa ajili ya mtu atakayeweka petroli ya okteni 91 (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili kugonga), avute tela mlimani saa nane mchana, kwa plagi zilizopaswa kubadilishwa mwaka juzi. Kwa ajili ya huyo, kinarudi nyuma digrii kadhaa na kuacha akiba. Anayeweka okteni 98, anayebadilisha oili na plagi kwa wakati na asiyevuta tela, ameilipia akiba ambayo haigusi. Akitaka kuitumia sehemu yake, simwoni kama mharibifu. Ni mtu anayeijua hali ya gari lake kuliko mwandishi wa jedwali alivyoweza kuijua.

Hapa ndipo wapinzani wanaponikera na kunipata kwa wakati mmoja. Akiba huwekwa kwa ajili ya siku mbaya, na siku mbaya haitoi taarifa: kituo cha mafuta kimeuza petroli hafifu, rejeta imeziba, kibarua kaazima gari. Ni kweli kuna sensa ya kugonga, sikio dogo lililofungwa kwa bolti kwenye bloku, na likisikia kishindo kompyuta hurudisha muwasho nyuma. Lakini sikio husikia pigo lililokwisha kupigwa. Aliyeitumia akiba yote amelikabidhi sikio hilo kazi nzima.

Kuna na jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Wanatangaza farasi, ambazo hupatikana juu, kwenye mizunguko 5,500 hivi kwa dakika. Kinachopinda konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, na kufanya klachi iteleze ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikimwagwa kwa wingi chini, kwenye mizunguko 2,000, mtu anapokanyaga mafuta akiwa gia ya juu. Anayeijua kazi huibana turbo makusudi eneo hilo, na gari lake huhisi pole kidogo kuliko la jirani aliyelipia faili la bei rahisi, yaani programu iliyoandikwa tayari. Mteja mgeni hudhani kaibiwa.

Ahadi ya kwamba gari litaongeza nguvu na papo hapo litakunywa mafuta kidogo, kwa petroli siiamini. Kwenye mwendo wa kawaida kompyuta tayari inachanganya gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, ikiongozwa na sensa ya oksijeni. Kilichobaki cha kubana ni kidogo sana. Injini isiyo na turbo nayo isikusumbue. Hewa inayoingia ni ileile, utapata asilimia chache na risiti. Bima mwambie mapema. Dhamana, hesabu kwamba umeiweka rehani.

Moshi ni kesi nyingine, na ndiyo inayotuchafulia jina. Mwaka 2020 EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, lilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vya moshi katika muda wa miaka kumi. Huko ni kung'oa chujio na kuiambia kompyuta inyamaze, na wanaotozwa faini siwaonei huruma. Ila anayesema programu ya kiwandani ni safi kwa sababu tu ni ya kiwandani, akumbuke Volkswagen. Mwaka 2015 ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha moshi, ikajitia adabu kwa muda huo tu.

Linalonitia hofu ni lile faili moja linalomiminwa kwenye magari kumi kwa dakika kumi kila moja, bila yeyote kusikiliza kinachoendelea ndani ya silinda. Niliwahi kusimama kando ya gari la turbo lililofungwa mikanda juu ya rola za kupimia nguvu. Fundi alianza kwa kuunganisha chaja ya betri, maana volti zikishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa palepale. Akahifadhi nakala ya programu ya zamani, akaandika mpya, akakanyaga. Grafu ikapanda vizuri na mwenye gari akaanza kutoa simu apige picha. Fundi hakuitazama grafu. Alikuwa kwenye safu ya muwasho, inayoonyesha kompyuta imeurudisha nyuma digrii ngapi kwa sababu ya kugonga, silinda moja baada ya nyingine: ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, ya nne sifuri, ya tatu kompyuta imerudisha nyuma digrii 4.

Akazima. Akaifungua plagi ya silinda ya tatu, akaigeuza chini ya tochi. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama pilipili manga ya kusaga. Silinda hiyo ilikuwa imeanza kugonga siku nyingi kabla ya yeye kuligusa gari, na hakuna taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi. Akaweka plagi mpya, akashusha presha ya turbo, akapunguza muwasho kwenye visanduku vitatu, akarudia mara nne mpaka safu ikatulia. Mwenye gari aliondoka amenuna, farasi 11 pungufu ya zile za kwenye tangazo.