Tiba ya jeni na vidonge vya selimundu: tusidharau kilicho mkononi

Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, Novemba 2023; ndiyo ya kwanza duniani inayohariri jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa. Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Wazazi wa watoto wenye selimundu huku Kisumu, Siaya na Homa Bay wana kila haki ya kuuliza itatufikia lini. Linalonisumbua ni maneno yanayoandamana na swali hilo: eti haidroksiurea, vidonge vinavyotolewa kliniki, inatuliza tu makali, ilhali tiba ya jeni ndiyo "inayorekebisha DNA". Mzazi akiyaamini hayo, vidonge hubaki kabatini.

Kosa linaloleta selimundu ni la herufi moja ya DNA kwenye kromosomu ya 11, katika jeni inayotengeneza sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Mtoto aliyelirithi kwa baba na kwa mama analo kwenye ini, analo kwenye ngozi, analo hata kwenye ubongo. Lakini seli ya ini haina haja na jeni hiyo. Imeifunga, inasoma zile za kazi yake tu. Wanaoisoma ni seli changa za damu ndani ya uboho wa mifupa: hujijaza himoglobini, hutupa kiini chao, kisha huingia kwenye mishipa zikiwa seli nyekundu zisizo na DNA ya kiini hata kidogo. Kwa hiyo, kuwa na jeni mwilini ni jambo moja, na seli gani inaisoma, na lini, ni jambo lingine kabisa.

Hapo kwenye "lini" ndipo penye uzito. Kando ya jeni yenye kosa, kwenye kromosomu hiyo hiyo, zipo jeni za himoglobini anayoitumia mtoto akiwa tumboni, nazo ni nzima. Baada ya kuzaliwa, uboho huzifunga taratibu. Ndiyo maana mtoto wa selimundu huzaliwa akiwa buheri wa afya, kisha anapokaribia nusu mwaka vidole na nyayo zinavimba, analia ukimgusa tu. Familia huanza kusaka aliyemroga, au mwiko aliouvunja mama, kumbe seli zake zimefunga jeni nzima zikabaki na ile mbovu. Daktari Janet Watson wa New York alilidokeza hili mwaka 1948.

Sasa tazama Casgevy inafanya nini. Herufi yenye kosa haiigusi. Inakata kipande cha DNA kinachoiwasha jeni ya BCL11A katika seli zinazotengeneza damu, na BCL11A ndiyo inayofunga himoglobini ya tumboni. Ikidhoofishwa, himoglobini ile inarudi. Kosa linabaki palepale, na kwa kuwa mbegu za uzazi hazikuhaririwa, aliyetibiwa bado anaweza kumrithisha mwanawe. Haidroksiurea nayo, kwa njia tofauti, inapandisha himoglobini hiyo hiyo. Basi dai kwamba moja inarekebisha na nyingine inatuliza tu linasimama wapi?

Tuwatendee haki wanaoisubiri tiba mpya, maana hoja yao si ya mzaha. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Vidonge humezwa kila siku, havimfai kila mtu kwa kiwango kimoja, na damu lazima ipimwe mara kwa mara kwa kuwa dawa inaweza kushusha seli nyeupe. Kwa mama anayevuka maji kutoka kisiwa cha Mfangano kufuata maabara, huo ni mzigo. Lakini Casgevy hutanguliwa na dawa kali za kuua uboho wa zamani, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi milioni 280.

Kuna utafiti ninaourudia kila mara. Watoto 606 wa Angola, Kongo, Kilifi hapa Kenya, na Mbale nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu, walipewa haidroksiurea, na matokeo yakachapishwa 2019. Kabla ya dawa, vifo vilikuwa 3.6 kwa kila miaka 100 ya watoto kufuatiliwa, yaani kama watoto 100 kwa mwaka mmoja. Wakiwa kwenye dawa vilikuwa 1.1. Ni kweli walilinganishwa na hali yao ya awali, si na kundi lililopewa kidonge kitupu. Hata hivyo, hofu kubwa ilikuwa kwamba dawa ingewafungulia mlango wa malaria, nayo malaria ikapungua kwa takriban nusu. Huku kando ya Ziwa Victoria hiyo si habari ndogo. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba jeni ya selimundu imeshamiri penye malaria kwa sababu anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga. Ugonjwa umejaa huku kwa sababu ya mbu, na mbu hao hao ndio wanaowamaliza wenye nakala mbili.

Kwa hiyo, kaunti ikiwa na shilingi ya kutumia leo, naipeleka kwenye kuwapima watoto wachanga kabla uvimbe haujaanza, kwenye vidonge visivyokatika, na kwenye mashine ya kupima damu iliyo karibu na watu. Na mzazi anayeona vidonge havisaidii amuulize daktari kama dozi imepandishwa tangu mtoto aongeze kilo, kwa sababu dawa hii hupimwa kwa uzito, na dozi ya mtoto wa miaka mitatu haimtoshi wa miaka saba.