Presidio: Ardhi ya Umma Isipimwe kwa Kodi Inayoingiza

Tarehe 30 Septemba 1994 Jeshi la Marekani liliihama kambi yake ya Presidio iliyopo San Francisco, na kesho yake ardhi hiyo yenye ukubwa wa takribani hekta 600 ikakabidhiwa Idara ya Hifadhi za Taifa. Wahispania ndio walioianzisha kambi hiyo mwaka 1776 katika ardhi ya Waohlone, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ikawa ya Mexico baada ya uhuru wa nchi hiyo, kisha Wamarekani wakaitwaa mwaka 1846. Ipo kwenye rasi ya kaskazini-magharibi ya jiji, pale bahari ya Pasifiki inapoingia ghubani, na daraja la Golden Gate linaanzia humo humo ndani ya mipaka yake. Katika jiji ambalo kiwanja kidogo tu kina bei ya kutisha, hakuna mjenzi wa nyumba za kifahari ambaye asingelitamani eneo lile. Leo mtu yeyote huingia humo kwa miguu, bila kiingilio wala kuulizwa anakwenda wapi, na ni jambo hilo ninalotaka kulitetea, kwa sababu halikutokea kwa bahati na halina uhakika wa kudumu.

Sifa ya kwanza wanastahili walioandika sheria ya mwaka 1972. Mwaka huo Phillip Burton, mbunge wa San Francisco, alilisukuma Bunge la Marekani lipitishe sheria ya kuanzisha eneo la taifa la mapumziko la Golden Gate, na ndani yake kikawekwa kifungu kinachosema kwamba siku Jeshi litakapoona haliihitaji tena Presidio, ardhi hiyo itaingia katika hifadhi. Wakati huo Jeshi halikuwa na dalili yoyote ya kuondoka. Burton alifariki mwaka 1983, na miaka mitano baada ya kifo chake kambi hiyo ikaingizwa katika orodha ya kambi za kufungwa. Wenye tamaa ya ardhi walipofika mlangoni, jibu lilikuwa limeshaandikwa kwa miaka 16.

Ninalisisitiza hili kwa kuwa mara nyingi mjadala wa kambi za zamani huanza jeshi likiwa limeshafungasha virago, na wakati huo mwenye fedha taslimu huwa ndiye mwenye sauti. Tazama kambi ya ndege za kijeshi ya El Toro, kusini mwa jimbo hilo hilo la California. Ilifungwa mwaka 1999, wakazi wa kaunti ya Orange wakabishana kwa miaka kadhaa kama iwe uwanja wa ndege wa abiria au bustani, na wapiga kura wakachagua bustani. Hata hivyo, mwaka 2005 serikali ya Marekani iliinadi ardhi ile, kampuni ya ujenzi ikainunua kwa takribani dola milioni 650, na mji wa Irvine ukapata eneo la bustani kwa njia ya makubaliano na mnunuzi huyo. Bustani ipo na inapendwa, lakini umma uliipata kama sehemu ya biashara ya mtu mwingine, huku mitaa ya nyumba za kuuza ikiota pembeni yake.

Presidio nayo haikupita bila kulipia. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi ya wabunge walilalamika kwamba hifadhi yenye majengo karibu 800, hospitali kubwa, makazi ya maofisa na maghala ni mzigo usiobebeka, na yakazuka mapendekezo ya kuuza sehemu yake. Nancy Pelosi, mbunge wa San Francisco, na wenzake wakatafuta mwafaka, ambao mwaka 1996 ulizaa taasisi ya serikali iitwayo Presidio Trust. Taasisi hiyo ilipewa sehemu ya ndani ya kambi, kama asilimia 80 ya eneo lote, huku ukanda wa pwani ukibaki kwa Idara ya Hifadhi za Taifa. Ilitakiwa kukarabati majengo, kuyapangisha, na kutumia kodi hiyo kuitunza ardhi, hadi ifikapo mwaka 2013 isihitaji ruzuku ya kila mwaka kutoka hazina. Ikishindwa, mali ingepelekwa kwa wakala wa serikali anayeuza majengo na ardhi zisizohitajika.

Trust ilifaulu. Hospitali ya Letterman, jengo la ghorofa kumi lililokuwa tupu, ilibomolewa, na mwaka 2005 kampuni ya filamu ya Lucasfilm ikafungua ofisi zake hapo. Nyumba za askari zilikarabatiwa na sasa zinakaliwa na wapangaji wapatao 3,000. Mabweni ya matofali mekundu yamegeuka kuwa ofisi na hoteli. Nakiri kwamba kazi hiyo imefanywa kwa ustadi mkubwa, na kwamba jengo la kihistoria lenye mpangaji hutunzwa vizuri kuliko jengo lililofungwa kwa kufuli likisubiri bajeti.

Ninachokataa ni fundisho ambalo watu wengi wamelitoa katika mafanikio hayo, kwamba kila ardhi ya umma sharti ijilipie yenyewe au iuzwe. Presidio iliweza kwa sababu ipo katika mojawapo ya miji yenye kodi za pango za juu kuliko yote Marekani, na ina mamia ya majengo yenye mandhari ya ghuba. Kambi iliyopo nyikani, yenye mabanda ya mabati na udongo uliochafuliwa na mafuta, haitapata Lucasfilm yake. Hata Presidio yenyewe haikusimama kwa kodi peke yake. Mwaka 1999 Jeshi lilikubali kutoa takribani dola milioni 100 za kusafisha madampo na udongo liliouchafua, na mwaka 2022 Bunge liliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya miundombinu iliyochakaa. Sioni aibu yoyote katika fedha hizo. Serikali iliyoitumia ardhi kwa karibu karne moja na nusu ina deni kwa ardhi hiyo. Na tusisahau upande wa pili wa mwafaka huu: kodi za nyumba zile ni za soko, kwa hiyo mwalimu au mhudumu wa hospitali mwenye kipato cha kawaida anaweza kupita mbele ya nyumba hizo akitembea, lakini si rahisi aishi ndani yake.

Thamani ambayo haiingii katika vitabu vya hesabu inaonekana wazi kuliko popote katika Crissy Field, ufukweni. Zamani palikuwa na kinamasi cha maji ya chumvi. Kilifukiwa kupisha maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1915, kisha Jeshi likapafanya uwanja wa ndege, na mwishowe pakawa sakafu ya lami na kifusi. Katika kazi iliyokamilika mwaka 2001, lami iliondolewa, kinamasi kikachimbwa upya, maji ya bahari yakaruhusiwa kupwa na kujaa ndani yake, na wakazi wa jiji wakajitolea kupanda mimea ya asili kwa mikono yao. Samaki, kaa na ndege wa majini wamerudi. Juu zaidi kwenye vilima upo mmea mmoja wa manzanita ya Raven, aina ya kichaka, wa mwisho wa asili wa aina yake, uliogunduliwa mwaka 1952. Na mwaka 2009, wakati barabara kuu inayokatiza Presidio ikijengwa upya, ulionekana mmea wa manzanita ya Kifransiska ambao ulidhaniwa umeshatoweka porini. Uliokolewa ukahamishiwa mahali salama humo humo ndani. Kama eneo lile lingekuwa limejengwa mitaa, tingatinga lingeshaupitia miongo mingi kabla.

Kuna pia kumbukumbu, na hapa ndipo ninapoona uzito wa kuhifadhi kambi yenyewe pamoja na miti yake. Mnamo Novemba 1941, katika jengo namba 640 karibu na ufukwe wa Crissy Field, Jeshi lilifungua kwa siri shule ya lugha, ambamo askari wenye asili ya Kijapani waliandaliwa kuwa wakalimani wa vita. Miezi michache baadaye, Marekani ikiwa imeshaingia vitani na Japani, kutoka makao makuu yaliyokuwa katika kambi hiyo hiyo, Jenerali John DeWitt alitoa amri za kuwahamisha Wamarekani wenye asili ya Kijapani kutoka Pwani ya Magharibi, zikiwemo familia za askari hao. Jengo la shule limehifadhiwa, na leo wageni huingia kujifunza habari hiyo. Mnunuzi binafsi asingekuwa na sababu ya kulitunza ghala la zamani kwa ajili ya historia inayoitia serikali aibu.

Mnamo Februari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyoitaja Presidio Trust miongoni mwa taasisi za kupunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Iliyotajwa ni taasisi ile ile iliyotimiza kila sharti ililopewa, na iliyokoma kupokea ruzuku ya kila mwaka tangu mwaka 2013. Kwa hiyo kujilipia hakujaipa ardhi ile usalama iliyoahidiwa. Iliyoikinga ni sheria, kwa kuwa Trust iliundwa na Bunge na haiwezi kufutwa kwa saini ya rais peke yake. Bunge linapaswa sasa kukamilisha kazi aliyoianza Burton, kwa kuandika bila utata kwamba Presidio haitauzwa hata kama wapangaji watapungua na kodi zikashuka, na kwamba siku hiyo ikifika, gharama za kuitunza zitatoka hazina kama zinavyotoka kwa hifadhi nyingine za taifa.