Homuweki ya Kimara na homuweki ya Tampere

Mwezi wa saba nilikuwa Dar, kwa mdogo wangu Kimara. Usiku wa pili, saa tatu na nusu, nikamkuta binti yake wa darasa la tatu amelalia daftari la hesabu, penseli bado mkononi. Alikuwa amefika swali la 27 kati ya 40. Mama yake akalowesha kitambaa, akamfuta uso: "Amka mama, malizia, kesho utachapwa." Mtoto akaamka, akaendelea kuandika. Hakulia wala kulalamika, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba keshazoea. Saa kumi na moja kasoro alfajiri honi ya basi la shule ikalia getini, akapandishwa macho nusu yamefumba.

Mimi naishi Tampere, Finland, mwaka wa tisa huu. Mwanangu naye yuko la tatu, ingawa huku darasa la kwanza huanza mwaka mtoto anaotimiza miaka saba. Nyumbani wengi wanaamini Finland hakuna homuweki kabisa. Ipo. Ya kwake huwa ukurasa mmoja wa hesabu au kipande cha kusoma kwa sauti, dakika kumi na tano hivi, kisha anavaa koti anatoka kucheza na wenzake.

Alipoanza shule nilikuwa na hofu, maana Kifini changu kilikuwa hakitoshi kusoma hata maelekezo ya swali. Kwenye kikao cha wazazi nikamwambia mwalimu kwamba sitaweza kumsaidia mtoto. Akanijibu kuwa kazi ile si yangu, ni ya mtoto. Ajaribu, akikwama aiache hivyo hivyo, na kesho yake yeye mwalimu atajua ni wapi hajaeleweka. Jibu hilo nimekuwa nalo kichwani miaka yote hii.

Sasa pale Kimara, homuweki ni ya nani? Maswali yameandikwa kwa Kiingereza. Bibi anayeshinda na mtoto hakisomi. Dada wa kazi aliishia la saba. Kwa hiyo homuweki inamsubiri mama, anayeshuka kwenye basi la mwendokasi kutoka Kariakoo saa mbili usiku, hajala. Jirani mwenye uwezo anamlipa mwalimu wa tuisheni aje nyumbani, na daftari la mwanawe linarudi shuleni na majibu sahihi, linajazwa alama za vyema. Mwalimu anaviona vile vyema, lakini hawezi kujua aliyevipata ni nani. Wa kwetu anachapwa kwa sababu mama yake alichelewa kurudi.

Najua nitaambiwa mbona Wachina wanasoma usiku na mchana na wanafaulu. Ni kweli. Kwenye PISA ya 2012, mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, wanafunzi wa miaka 15 wa Shanghai, China, walisema wanatumia karibu saa 14 kwa wiki kwenye homuweki, wa Finland chini ya saa 3, na Shanghai ndio walioongoza. Finland yenyewe matokeo yake yamekuwa yakishuka tangu 2006, kwa hiyo sisemi huku wana dawa ya kila kitu. Ila hao ni vijana wa miaka 15. Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alipopitia tafiti nyingi na kuchapisha mwaka 2006, alikuta homuweki inaendana na ufaulu zaidi kwa wakubwa wa sekondari. Kwa wadogo uhusiano huo ni hafifu. Na sisi wadogo ndio tunaowakesha.

Sheria ya elimu ya msingi ya Finland ya 1998, kifungu cha 24, inataka mzigo wa mwanafunzi uwe wa kiasi ambacho, ukishatoa muda wa shule, wa safari na wa homuweki, abaki na muda wa kutosha kupumzika na kucheza. Safari nayo imehesabiwa! Mtoto wetu yuko ndani ya basi tangu kabla ya adhana ya alfajiri.

Walimu siwalaumu peke yao. Mtihani wa taifa wa darasa la nne unawakimbiza, na sisi wazazi tukiona daftari tupu tunapiga simu shuleni kuuliza ada yetu inafanya kazi gani. Lakini ninachokiomba hakina gharama: hadi la nne, kazi iwe fupi, ambayo mtoto ataiweza mwenyewe kabla jua halijazama, na asiyemaliza asiguswe na fimbo. Aulizwe alikwama wapi.

Jumamosi ile bibi alikuwa anakanda unga wa maandazi, binti yuko pembeni na kikombe. Nikamuuliza, kama vikombe vitatu vinatoa maandazi thelathini, vinne je? "Arobaini, mama mkubwa," akajibu bila hata kuinua kichwa, halafu akaanza mwenyewe kuhesabu ya vitano, ya sita, ya kumi, anacheka, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Mama yake akaita kutoka ndani. Akanawa mikono, akaenda kufungua begi. Ya wikiendi ilikuwa bado haijaguswa.