Kuhamisha wagonjwa kabla ya mafuriko: daktari anayesita ana hoja

Masika yanapokaribia Nairobi, wengi wetu tunaokumbuka mafuriko ya Aprili 2024 huuliza: mbona hospitali zilizo karibu na mito ya Nairobi, Mathare na Ngong zisiwahamishe wagonjwa mara tu onyo la mvua kubwa linapotolewa?

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina kupiga New Orleans, Marekani, miili 45 ilitolewa katika hospitali ya Memorial, iliyokuwa imezingirwa na maji, haina umeme, joto likiwa kali. Kungoja kunaua.

Lakini kuondoka nako kunaua, na hilo ndilo daktari mkuu anayesita analijua. Sisi tulio nje tunamwita mzembe. Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami nchini Japani, wagonjwa wa hospitali ya Futaba, wengi wao wazee wasioweza kuinuka kitandani, waliondolewa kukimbia mionzi ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. Baadhi yao walikaa ndani ya mabasi kwa saa kama 10, kisha wakashushwa kwenye shule isiyokuwa na vifaa vya tiba. Zaidi ya 40 walikufa, wengine wakiwa bado njiani. Hawakuuawa na mionzi. Waliuawa na safari yenyewe: kiu, baridi, kukatizwa dawa, kukosa muuguzi anayejua nani anahitaji nini. Idadi hiyo hainitoki akilini, kwa sababu waliowapakia walikusudia kuwaokoa.

Sasa ilete picha hiyo hapa kwetu. Mtoto njiti anatolewa kwenye inkubeta, mtungi wa oksijeni umebaki nusu, ambulensi imekwama Thika Road kwenye maji na foleni. Anapelekwa wapi? Mafuriko ya 2024 yalitukuta katikati ya mgomo wa madaktari ulioanza Machi 14 na kumalizika Mei 8. Hata kwenye wodi yenye kitanda kitupu, nani angemhudumia?

New York nao walionja pande zote mbili. Mwaka 2011 baadhi ya hospitali zilihamisha wagonjwa kabla ya kimbunga Irene, kikaja kikiwa dhaifu kuliko ilivyohofiwa. Mwaka uliofuata, kabla ya kimbunga Sandy, zikaamua kubaki. Umeme ukakatika, jenereta zikazimika, na wauguzi wa hospitali ya NYU Langone wakawateremsha ngazini watoto wachanga 20 usiku, wengine wakipumulishwa kwa mkono. Wote 20 walifika salama, ila tusisahau kwamba mjini mwao zilikuwapo hospitali za kuwapokea na ambulensi za kuwabeba.

Kwa hiyo mimi ningeanza na kazi isiyopigwa picha: jenereta na akiba yake ya mafuta vipandishwe juu ya kimo cha maji, na wagonjwa wa chini wapandishwe orofa za juu pale jengo linaporuhusu. Ambulensi zibakie kwa wanaotegemea mashine, wasafirishwe mapema, mchana, kila mmoja na faili yake na muuguzi wake. Hospitali ya orofa moja ukingoni mwa mto haina pa kupanda, hiyo ihame. Na uamuzi usiachwe mgongoni mwa daktari mmoja saa nane za usiku. Kaunti iwe na makubaliano ya maandishi yanayotaja hospitali ipi inapokea nani, vitanda vingapi, na gharama inalipwa na nani, yatiwe sahihi Januari, barabara zikiwa bado kavu.